Bia za Hopsi Mbichi

SWALI: Duka la bia mtaani kwetu, hapa Seattle, limetangaza jioni ya kuonja bia mpya za hopsi mbichi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) mwezi Septemba. Je, naweza kununua makopo kadhaa nikayaweka hadi Krismasi?

JIBU: Ndugu msomaji, nakusihi usiyaweke. Hopsi za bonde la Yakima, jimboni kwetu Washington, huvunwa kuanzia mwishoni mwa Agosti, na kwa bia hizi hutumiwa bila kukaushwa, aghalabu ndani ya saa 24 tangu zichumwe, ndiyo maana bia hutoka mara moja tu kwa mwaka na harufu yake nzuri ya majani mabichi hufifia upesi. Soma tarehe ya kujazwa, mara nyingi huwa chini ya kopo. Lililokaa nje ya friji, liache. Kwa Krismasi, chagua stauti kali, yaani bia nyeusi yenye kilevi kingi, ambayo hustahimili kukaa.