Kwa Mnaoanza Kusoma Habari za Waarabu wa Argentina na Chama cha Perón

Wanafunzi wanaonijia wakitaka kuandika tasnifu kuhusu siasa za kipopulisti, yaani siasa za kiongozi anayedai kusema kwa niaba ya wananchi wa kawaida dhidi ya wakubwa wachache, karibu wote huwa wameshaamua kwamba siasa hizo na wahamiaji ni paka na panya. Ukitazama Ulaya ya leo, huwezi kuwalaumu. Hata hivyo, mimi huwashauri waanzie Argentina, katika vuguvugu la Juan Domingo Perón, aliyechaguliwa kuwa rais wa nchi hiyo mwaka 1946, ambamo wana wa wahamiaji wa Kiarabu walipata ubunge, ugavana na hatimaye urais wa nchi.

Jambo la kwanza ni kuiweka kando picha ya Mwarabu tuliyokua nayo huku pwani. Sisi tukisikia neno hilo humwona Mmanga au Mshihiri, Mwislamu, aliyeletwa na kaskazi. Walioshuka bandarini Buenos Aires tangu mwishoni mwa karne ya 19 walitoka Syria na Lebanon, nchi zilizokuwa bado chini ya dola ya Uthmania, yaani dola ya Waturuki, na wengi wao walikuwa Wakristo wa madhehebu ya Kimaroni (Wakatoliki wa Lebanon) na Kiorthodoksi, wakiwamo pia Waislamu na Wadruzi, wafuasi wa dini iliyochipuka katika Uislamu wa Kishia. Kwa kuwa walisafiri na hati za dola hiyo, wenyeji waliwaita turcos, Waturuki, jina lililowachoma hasa wale waliokuwa wamemkimbia Mturuki huyohuyo. Nilipoanza utafiti nilipoteza majuma mawili nikitafuta neno “Mwarabu” katika faharasa za maktaba moja na kuambulia kadi chache tu, mpaka mtunza maktaba aliponihurumia, akachukua kipande cha karatasi na kuniandikia maneno matatu: turco, sirio, otomano, yaani Mturuki, Msyria, Muuthmania. Droo zikajaa. Kumbukeni pia kwamba Yusuf hugeuka José, na kwamba ndugu wa tumbo moja waweza kuandikishwa kwa tahajia mbili tofauti za jina la ukoo, kila karani akiandika alivyosikia.

Jambo la pili, ambalo naliona zito kuliko yote, ni kwamba jibu la swali lenu, la kwa nini vuguvugu la kipopulisti liliwapokea wana wa wahamiaji, halimo katika hotuba za kiongozi. Mimi niliandika sura nzima juu ya maneno ya Perón, na msimamizi wangu akairudisha akiwa ameandika pembeni sentensi moja tu: “Nani alimhitaji nani?” Ilinibidi niache hotuba na kwenda kuangalia maduka.

Katiba ya Argentina ya mwaka 1853, katika ibara ya 25, iliiagiza serikali kuhimiza uhamiaji kutoka Ulaya. Msyria hakuwa mgeni aliyealikwa. Wengi walianza kwa uchuuzi, sanduku mgongoni lenye sindano, nyuzi, vitambaa na sanamu za watakatifu, wakaelekea mikoa ya kaskazini-magharibi kama Tucumán, Salta, Catamarca na La Rioja, na aliyejaliwa akafungua duka. Mwenye duka la kijijini hukopesha, na daftari lake la madeni humwonyesha nani amevuna, nani amefiwa na nani anasubiri mshahara wa mwezi ujao. Mtu wa namna hiyo anawajua wapigakura wa eneo lake kabla hata hajajua kwamba atagombea. Wanawe walipelekwa shule, wakarudi wanasheria na madaktari, wakakuta uongozi wa mkoa umeshikiliwa na koo kongwe ambazo zilinunua kwao kitambaa lakini hazikuwakaribisha sebuleni.

Hapo ndipo Perón alipotokea. Aliposhinda uchaguzi wa urais wa Februari 1946 alikuwa na umaarufu mkubwa kuliko chama alichokuwa nacho, kwani alisimama juu ya Chama cha Leba kilichoundwa miezi michache tu kabla, pamoja na kundi lililojitenga na Chama cha Radikali. Mjini alikuwa na vyama vya wafanyakazi, lakini mikoani alihitaji watu wenye elimu na wenye kujulikana ambao hawakuwa wa koo zile kongwe. Wana wa wenye maduka walikuwa wakingoja nafasi ya aina hiyo. Vicente Saadi wa Catamarca, mtoto wa wahamiaji wa Kilebanoni, aliingia Seneti mwaka huohuo wa 1946.

Msiishie hapo mkashangilia. Mwaka 1949 Saadi alikuwa gavana wa Catamarca, na kabla mwaka haujaisha serikali kuu ya Perón huyohuyo ilimwondoa. Mwaka huohuo katiba mpya ilitamka kwamba taifa la Argentina halikubali tofauti za rangi, na ni kweli kwamba tamko hilo lilikuwa na uzito. Lakini aliyeingia kwa mlango wa kiongozi alibaki chini ya hisani ya kiongozi. Wala msifasiri siasa ya nje kama mahaba kwa Waarabu: Novemba 1947 Argentina ilijizuia kupiga kura juu ya kuigawa Palestina, kisha mwaka 1949 ikaitambua Israeli, na Perón aliwavuta Wayahudi wa nchi yake kwa bidii ileile.

Baada ya mapinduzi ya 1955 yaliyomwondoa Perón madarakani, chama cha Perón kilipigwa marufuku, na hapo utaona mizizi ya mikoani ilivyokuwa na nguvu. Huko Neuquén, ndugu wa ukoo wa Sapag, wafuasi wa Perón wenye asili ya Lebanon, waliunda mwaka 1961 chama chao cha mkoa, wakaushika mkoa kwa miaka mingi.

Kuhusu Carlos Menem, yule aliyefika hadi urais, someni picha zake kabla ya hotuba zake. Wazazi wake walitoka Syria, naye alizaliwa Anillaco, La Rioja, mwaka 1930. Katika kampeni za miaka ya 1980 alifuga sharafa nene zilizoshuka hadi mashavuni, kama za Facundo Quiroga, mbabe wa kivita wa La Rioja wa karne ya 19, ili mtu aliyeitwa el Turco aonekane mwana wa ardhi ile kuliko wenye ardhi. Alishinda urais mwaka 1989. Katiba wakati huo ilimtaka rais awe Mkatoliki, na Menem, mtoto wa familia ya Kiislamu, alikuwa ameshaingia Ukatoliki zamani. Sharti hilo lilifutwa mwaka 1994, yeye akiwa ikulu, lilipokuwa halimhusu tena.