Newton hakuzaliwa mwaka aliofariki Galileo

Aliyeuliza kama Newton alizaliwa mwaka uleule aliofariki Galileo: hapana, hapo zimechanganywa kalenda mbili. Galileo alifariki Italia tarehe 8 Januari 1642, kwa kalenda ya Gregori tunayoitumia leo. Newton alizaliwa siku ya Krismasi 1642, ila Uingereza ilikuwa bado inafuata kalenda ya Juliasi, iliyobaki nyuma kwa siku 10. Ziongeze hizo kwenye 25 Desemba, unapata 4 Januari 1643.

Wengi hukosea kwa kuongeza 10 kila mahali. Ni 10 hadi Februari 1700, kisha 11, halafu 12 baada ya Februari 1800, na 13 baada ya Februari 1900, kwa kuwa Juliasi iliipa miaka hiyo mitatu 29 Februari na Gregori haikuipa (kwa Gregori, mwaka wa karne sharti ugawanyike kwa 400 ndipo uwe na 29 Februari). Ndiyo maana Mapinduzi ya Urusi ya 25 Oktoba 1917 kwa Juliasi hukumbukwa 7 Novemba kwa Gregori.

Ukitaka sadfa ya tarehe iliyo sahihi kabisa, chukua ya Hawking, mwanafizikia wa Uingereza: alizaliwa 8 Januari 1942, miaka 300 kamili tangu kifo cha Galileo, akafariki 14 Machi 2018, tarehe aliyozaliwa Einstein mwaka 1879.