"Gripe" ya chupani na "gripe" ya kazini

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina mtoto wa miezi minne. Akisumbuliwa na mchango usiku, asubuhi bibi yake hunituma duka la dawa kununua "Gripe Water". Sasa kazini, mgeni mmoja wa mradi wetu ametuandikia kwa Kiingereza, akaiita hoja yetu ya posho ya kulala Kongwa "gripe". Kamusi inasema ni lalamiko. Dawa ya mtoto na lalamiko vinahusianaje?
Mama wa Chang'ombe, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kukesha. Neno ni hilohilo moja.

Lilianzia mkononi. Kiingereza cha kale kilikuwa na kitenzi "gripan", kukamata kwa nguvu. Wajerumani wana ndugu yake mpaka leo, "greifen". Na "grip", ile gripu ambayo mafundi husema imekwisha kwenye tairi, imetoka ukoo huohuo. Kufikia miaka ya 1600 Waingereza walikwisha kulihamishia tumboni: utumbo ukibana na kusokota, kana kwamba kuna mkono umeukamata, hiyo ndiyo "gripe". Mwaka 1851 mfamasia William Woodward wa Nottingham, Uingereza, akatengeneza maji ya kutuliza msokoto huo kwa watoto, yenye mafuta ya shibiti, sukari, baikaboneti na hata pombe. Pombe hiyo watengenezaji wengi wameiondoa. Hata hivyo, kliniki wanasisitiza maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, kwa hiyo muulize muuguzi kabla ya kumpa mwanao chochote. Bibi ataelewa.

Maana ya kulalamika ndiyo changa kuliko zote. Ilienea Marekani miaka ya 1930, na njia yake inaonekana: anayesokotwa na tumbo hanyamazi. Sisi nasi tunasema mtu ana kinyongo, na nyongo inasikika humo ndani.

Lakini la huyo mgeni limeniuma. "Gripe" ya leo ni nung'uniko dogo, la mtu anayeguna kwa mazoea. Anayeliita dai lako hivyo amekwisha kulipima na kuliona jepesi, kabla hajalisikiliza. Mtu aliyelipia chumba Kongwa kwa fedha yake, huku kodi ya nyumba Dodoma ikimsubiri, haguniguni. Anadai.

Kwa hiyo mjibuni kwa maandishi, na neno lake msilirudie hata mara moja. Andikeni "complaint", ambalo ni lalamiko lenye uzito. Mkiona suala limefika mahali pa kupelekwa kwa uongozi, andikeni "grievance", neno linalotumika kwa malalamiko rasmi ya mfanyakazi. Mtaje tarehe za safari, usiku mliolala huko na kiasi ambacho kila mmoja anadai, kisha mwambatishe risiti za nyumba ya wageni.