Poni ya kwenye runinga na bangili za bibi: nusu bei ni haki?

SWALI: Ndugu mtaalamu, habari za kazi. Naishi Birmingham, Uingereza. Nyumbani tunapenda kuangalia Pawn Stars, kile kipindi cha duka la poni, yaani la mikopo ya rehani, la Las Vegas. Mtu analeta kitu chake, anaitwa mjuzi, anasema kina thamani ya dola 1,000, halafu mwenye duka anatoa 400. Mume wangu anasema ule ni wizi wa mchana. Mimi nina bangili mbili za karati 22 alizoniachia marehemu bibi yangu wa Mombasa, zote pamoja gramu 20. Nahitaji pesa kwa miezi michache na sitaki zipotee. Je, watu wa poni wanatenda haki? Na huyu wa mtaani kwetu nitajuaje kama ananipunja?

JIBU: Dada, pole kwa kubanwa, na umefanya vizuri kuuliza kabla bangili hazijatoka nyumbani.

Tuanze na runinga. Duka lile lilifunguliwa mwaka 1989, na kipindi kikaanza kurushwa mwaka 2009. Karibu kila anayesimama pale kaunta mbele ya kamera amekuja kuuza. Kazi hasa ya poni ni kukopesha: unaacha kitu, unachukua pesa, unapewa tiketi, ukipata unarudi kukomboa. Mteja wa namna hiyo humwoni sana kwenye kipindi, maana aliyeweka pete ya ndoa ili alipe bili ya umeme hana hamu ya kupigwa picha. Vitu vinavyoonekana vimechujwa na watayarishaji kabla kamera haijawashwa. Unachokitazama, basi, ni biashara ya kununua vitu vya kale, na wewe unakwenda kukopa. Kanuni za haki za biashara hizi mbili hazifanani.

Hata hivyo swali la mumeo lina uzito. Mjuzi anapotaja dola 1,000, mara nyingi anataja bei ambayo mpenzi wa vitu hivyo angelipa kwenye duka au mnada mzuri, siku ambayo mpenzi huyo amepatikana. Mwenye duka hawezi kununua kwa bei hiyo hiyo atakayouzia. Kama ni bango la zamani atalitia fremu, kama ni bunduki ya karne iliyopita atamlipa fundi, kisha kitu kitakaa kabatini miezi au miaka huku kodi ya pango inahesabika, na hatari ya kugundua baadaye kuwa ni bandia ni yake peke yake. Muuzaji naye angekipeleka mnadani angekatwa kamisheni na kusubiri. Kwa kitu cha aina hiyo, kutoa asilimia 40 au 50 ya bei ya rejareja ni desturi ya biashara, na siuiti wizi.

Kinachonikera mimi kiko kwingine. Mjuzi ameitwa na mnunuzi. Muuzaji anaulizwa kwanza, “Unataka ngapi?”, kabla hajajua ameshika nini. Akitaja bei ya chini, amejifunga mwenyewe. Kuna sehemu moja inayokumbukwa sana: mwanamke alileta bruchi, yaani pini ya mapambo, yenye umbo la mdudu buibui, akitaka dola 2,000, mwenye duka akaitambua kuwa ni kazi ya Fabergé, sonara maarufu wa Urusi, akamlipa dola 15,000. Lilikuwa tendo jema. Lakini lisikufanye uamini kuwa kila kaunta ina mtu wa kukuambia, “Mama, umekosea, ongeza bei.” Kwa kawaida mnunuzi halazimiki kukutajia thamani ya mali yako. Asichoruhusiwa ni kudanganya juu ya kitu chenyewe, kwa mfano kusema ni karati 18 ilhali kipimo chake kimemwonyesha 22.

Sasa bangili zako. Kwa dhahabu, hoja zile za fremu na fundi zinaanguka. Dhahabu ina bei inayotangazwa kila siku duniani, haihitaji kusubiri mpenzi wake, na ikibidi inayeyushwa na kuuzwa wiki hiyo hiyo. Anayekupa nusu ya thamani ya dhahabu kwa kisingizio kwamba “hata kwenye runinga wanatoa nusu” anachanganya mambo kwa faida yake.

Piga hesabu kabla hujatoka nyumbani. Karati 22 ni sehemu 916 katika 1,000. Gramu 20 mara 0.916 ni gramu 18.32 za dhahabu safi. Angalia bei ya siku hiyo. Wakitaja kwa aunsi, gawa kwa 31.1, maana aunsi ya dhahabu ina gramu 31.1 na si 28.35 ya jikoni. Kwa ajili ya hesabu tu, tuchukulie gramu moja safi ni pauni 80. Bangili zako zina dhahabu ya pauni 1,465. Hiyo ndiyo namba ya kushika kichwani. Kazi ya sonara haimo humo, na poni haitailipa hata kama nakshi zake ni za kupendeza.

Kwenye kaunta, upungufu huingilia sehemu tatu. Ya kwanza ni mizani. Sisi wa pwani tumezoea tola, ambayo ni gramu 11.66, maduka mengine, hasa Marekani, hutumia kipimo kidogo cha gramu 1.555. Ukitajiwa bei “kwa uzito mmoja” uliza uzito gani, na mizani ielekezwe upande wako, isome sifuri kabla bangili haijawekwa. Zipime nyumbani au kwa sonara mwingine kwanza, uandike hadi nukta ya pili.

Ya pili ni karati. Dhahabu iliyonunuliwa Mombasa, Zanzibar au Dubai kwa kawaida haina mhuri wa Uingereza. Ina 916 au 22K imegongwa kwa ndani, na mwenye duka ana haki ya kuijaribu. Akitumia jiwe, atasugua ukingo wa bangili kwenye jiwe jeusi mpaka ubaki mstari wa manjano, kisha ataudondoshea tindikali ya karati 22. Mstari ukibaki na rangi yake, imepita. Ukififia na kupotea, ni ya chini. Mwambie asugue mwilini mwa bangili, mbali na kiungio. Kwenye kiungio kuna dhahabu ya kulehemu, ambayo karati yake huwa ya chini, na ndipo bangili nzuri inapoonekana mbaya. Mashine ya mionzi hupima bila kukwaruza, lakini inasoma juu juu tu, ndiyo maana bangili nene huweza kujaribiwa kwa njia zote mbili. Akisema ni karati 21, yaani 875, tofauti kwa gramu 20 ni gramu 0.82 za dhahabu safi, kama pauni 65 kwa bei yetu ya mfano. Nenda duka la pili kabla hujakubali.

Ya tatu ni vijazo. Bangili nyingine za zamani zina uwazi ndani uliojazwa nta au utomvu. Zako zikigongwa mezani zikatoa mlio wa kufa, tarajia kukatwa uzito, na hapo mwenye duka hajakuonea.

Tufike kwenye mkopo wenyewe, na hapa ndipo ninapokuomba usome taratibu. Tuseme duka linakukopesha pauni 900 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwezi. Riba ni pauni 72 kila mwezi. Ukikomboa baada ya miezi mitatu unalipa 1,116. Ukifika miezi sita, 1,332. Ukishindwa kabisa, zikauzwa, tuseme kwa pauni 1,380, wakakata 30 za gharama, zinabaki 1,350; wanachukua deni lao la 1,332, na wewe unarudishiwa pauni 18. Jumla umepata 918. Wakati huo huo, duka linalonunua dhahabu kwa asilimia 90 ya thamani lingekupa kama pauni 1,319 siku ya kwanza. Umepoteza pauni 401 kwa kuweka rehani kitu ambacho hukuweza kukikomboa. Kwa hiyo jiulize kwa ukweli: pesa ya kukombolea itatoka wapi, na mwezi gani? Kama jibu ni mshahara au mchezo wa kikundi unaojua tarehe yake, weka poni. Kama jibu ni “Mungu atajalia,” afadhali uuze bangili moja na ubaki na nyingine mkononi.

Usikope pia mpaka kikomo kwa sababu tu umepewa. Wengi hufurahia duka linalotoa pesa nyingi kuliko jingine, wakasahau kuwa riba inapigwa juu ya kile ulichochukua. Ukihitaji 400, chukua 400. Ni rahisi zaidi kuzirudisha bangili nyumbani.

Kisheria, uko mahali pazuri kuliko yule wa Las Vegas. Katika majimbo mengi ya Marekani, muda ukiisha kitu kinakuwa cha duka moja kwa moja, hata kama thamani yake ni mara tatu ya deni. Kwa upande mwingine, deni nalo limekufa. Uingereza, chini ya sheria ya mikopo ya mwaka 1974, muda wa kukomboa haupungui miezi sita, na unaweza kukomboa siku yoyote ndani yake. Mkopo ukizidi pauni 75, kitu hakihamii kwa duka hivi hivi: lazima kiuzwe, na ziada ni yako. Ukizidi pauni 100, wanatakiwa kukupa notisi ya angalau siku 14 kabla ya kuuza. Ukidai kwamba waliuza chini ya bei ya soko, wao ndio wenye mzigo wa kuthibitisha kuwa walichukua uangalifu wa kutosha kupata bei hiyo. Wapo wengi ambao hawakuwahi kuidai ziada yao kwa kutojua kuwa ipo, na hilo linaniuma kuliko lile la dola 400. Upande wa pili wa sarafu: mauzo yasipotosha deni, sheria inaruhusu udaiwe salio. Uliza duka kama huwa linadai salio hilo, na jibu waliandike.

Kuna mtego mmoja unaofanana na poni kama pacha. Baadhi ya maduka hukupa karatasi ya “kuuza na kununua tena”, mara nyingi kwa siku 28. Ule si mkopo. Siku hiyo umeuza, na usiporudi kwa wakati hakuna notisi wala ziada. Soma kichwa cha karatasi: iwe mkataba wa mkopo wa rehani, yenye kiasi ulichochukua, riba ya mwezi, tarehe ya mwisho, na maelezo ya mali. “Bangili 2 za njano” hayatoshi. Yaandikwe: bangili mbili, dhahabu, 22K, gramu 20, zenye nakshi hizi na hizi. Uliza kama ukizidisha siku moja unatozwa mwezi mzima au siku hiyo tu. Maduka hutofautiana, na kwa mkopo wa 900 ni tofauti ya pauni 72 dhidi ya kama pauni 2 na nusu.

Miezi sita ikikukuta huna kitu, wengi hukuruhusu kulipa riba na kuanza upya. Fanya hivyo mara moja tu kama kuna pesa inayokuja. Ukirudia, utakuwa umelipa pauni 864 na bado unadaiwa 900 zile zile.

Piga picha bangili na mhuri wake wa ndani, na picha ya tiketi pande zote mbili, umtumie mumeo. Tiketi ikipotea, toa taarifa dukani siku hiyo hiyo, maana kwa kawaida aliyeishika ndiye anayeruhusiwa kukomboa. Ukihama nyumba, wape anwani mpya kwa maandishi, kwa sababu notisi ya mauzo itakwenda kule walikoandika mwanzo. Ukitofautiana nao, andika malalamiko; wana wiki nane za kukujibu, kisha unaweza kulipeleka shauri kwa msuluhishi wa huduma za fedha, ambaye hamtozi mlalamikaji hata senti.