Dawa ya viroboto: paka si mbwa mdogo

Swali ninaloulizwa sana na wenzangu wafuga paka ni hili: "Dawa ya mbwa imebaki, nimtilie na paka kidogo tu?" Hapana, hata tone. Dawa nyingi za matone za mbwa zina permethrin kwa wingi, na ini la paka haliwezi kuivunja sumu hiyo kama la mbwa. Paka huanza kutetemeka, masikio yakimcheza, kisha degedege. Wengine hufa.

Kwa hiyo kazi inaanzia dukani. Muuzaji wa dawa za mifugo amezoea ng'ombe na kuku. Ukitaja viroboto tu, usishangae akikupimia dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mwambie ni ya paka, kisha usome pakiti mwenyewe. Tafuta picha ya paka, uzito wake, na majina kama fipronil, imidacloprid au selamectin. Nyingi huanzia umri wa wiki 8. Kitoto cha chini ya hapo mchane kwa chanuo la meno ya karibukaribu, uwazamishe viroboto kwenye maji ya sabuni.

Kupaka kwenyewe ni kazi ya dakika moja, ukimvizia akiwa ameshiba na usingizi unamchukua. Mimi humfunika kanga mwilini, kichwa kikabaki nje. Tenganisha manyoya kwenye ukosi, chini tu ya kisogo, mpaka uione ngozi nyeupe. Gusisha ncha ya kichupa hapohapo ukamue yote. Dawa ikibaki juu ya manyoya umepoteza pesa. Ukishuka mpaka mabegani, ulimi utaifikia. Akiilamba atatoa mapovu mdomoni kwa ule uchungu. Mara nyingi hupita, mpe maji. Kama una paka wawili, watenge mpaka pakauke, maana hulambana hao. Watoto nao wasubiri kumshika, na wewe unawe mikono. Kumwogesha, acha siku mbili kabla na mbili baada.

Akitetemeka au akapepesuka, mwoshe pale ulipompaka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha mbio kwa daktari wa mifugo, pakiti mkononi. Maziwa tunayoyakimbilia sisi hayaondoi sumu iliyopitia kwenye ngozi. Mafuta ya taa, ambayo bado kuna watu wanayasifia, hayo ni balaa jingine.

Halafu kuna mkeka. Mayai ya viroboto hayakai juu ya paka, yanadondoka anapolala, na viroboto vichanga vinavyoanguliwa humo hujifunga kwenye vifuko, ambamo huweza kungoja miezi kabla ya kutoka. Fua matandiko, anika mito juani, fagia chini ya kochi. Dozi nyingine ni baada ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, kwa kawaida mwezi, hata kama wiki ijayo utakiona kiroboto kinaruka.