Ukiwa Bado Unatunzwa Jukwaani, Anza Kazi ya Pili

Wiki iliyopita binti mmoja mwimbaji alinitumia ujumbe wa sauti WhatsApp, mrefu, anaongea huku analia. Kundi lao limekufa, mkurugenzi kauza vyombo, na kila meneja anayemfuata anamjibu kwamba wanatafuta sura mpya. Akaniuliza: "Mama, nyinyi wa zamani mlifanyaje?" Nimeona nimjibu hapa hapa, maana wengi mnaonisoma mnaimba, mnaigiza au mnatangaza, na asiyefanya anataka kufika huko.

Mimi nimeimba taarab ya kisasa Dar es Salaam enzi ambazo ukumbi unajaa kabla kibodi haijafungwa. Ukifika kwenye ubeti uliowachoma, wanawake wanainuka mezani na noti wameziviringisha vidoleni, wanakuja kwa madaha, wengine wamejifunga kanga yenye jina lililokusudiwa mtu fulani aliyekaa meza ya pili. Wanakutunza hadi huoni mbele. Noti zinaingia kapuni, kapu linakwenda nyuma kwa mkubwa, na wewe usiku ule unapewa ya teksi na ahadi. Vyombo si vyako. Nyimbo umetunga wewe, lakini kwenye kaseti lipo jina la kundi. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na tulikuwa na furaha, sitadanganya.

Kisha niliumwa koo. Daktari akaniambia ninyamaze kwa muda, nikanyamaza. Niliporudi mazoezini nilimkuta msichana mwingine amesimama pale ninaposimama mimi, anaimba wimbo wangu, tena amevaa sare ambayo fundi alinipima mimi. Walichofanya ni kuipunguza kiunoni tu. Hakuna aliyenivuta pembeni kunieleza. Mpiga kibodi, tuliyekula naye sahani moja miaka yote, aliinamisha kichwa akawa anachezea waya. Miaka imepita na bado nikiuona ule mshono mahali nafsi yangu inasonona.

Lakini sikulala njaa. Hilo nalisema kwa kujivuna na nina haki. Wakati jina langu bado liko juu nilikuwa nakwenda kwa mama yangu mkubwa kila asubuhi nisiyokuwa na shoo, ananifundisha singo, ule mchanganyiko wa manukato wa kumsugulia biharusi. Kusaga liwa, ule mti wa kunukia, kwenye jiwe kwa maji kidogo kidogo mpaka mkono uchoke. Kukausha mawaridi na rihani kivulini, sio juani, maana jua linaiba harufu. Kutwanga na karafuu, kuchekecha, kuloweka kwa marashi. Kumsinga biharusi bila kumparua ngozi, na kumwambia maneno anayopaswa kuambiwa. Wenzangu waliniona najishusha. Mwimbaji mzima, anapaka watu liwa!

Kumbe jina ndilo lililoniletea wateja. Mama wa harusi alikuwa radhi kunilipa zaidi ya somo mwingine, yule mama anayemfunda biharusi, kwa sababu anataka awaambie majirani kwamba mwanawe kasingwa na yule wa redioni. Ningeanza miaka mitano baada ya kusahaulika, nani angenijua? Hapo ndipo penye siri yote, wanangu. Umaarufu unakufungulia mlango wa kazi ya pili, ila unaufungua ukiwa bado wa moto.

Waangalieni wakubwa. Bi Kidude tunamkumbuka kwa sauti, kwa kwenda pekupeku, kwa ile tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, aliyopewa Uingereza mwaka 2005 akiwa bibi kizee. Watu wanasahau kwamba alikuwa kungwi. Alipiga ngoma ya unyago, aliwafunda wasichana wa Unguja, alikuwa na hina zake na dawa zake za miti. Kwa hiyo jukwaa la ukumbini lilipokuwa halimhitaji, nyumba za watu zilimhitaji. Hakustaafu mpaka mwili ulipokataa, akafariki Aprili 2013.

Filbert Bayi naye. Alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, akaleta medali ya fedha ya Olimpiki kutoka Moscow mwaka 1980. Mbio zina ukomo kuliko hata uimbaji, goti halibembelezwi. Akaingia kwenye uongozi wa Kamati ya Olimpiki, akajenga shule. Leo kuna watoto wanalijua jina la Bayi kwa sababu ya sare zao, wala hawajui kwamba mwenye jina alikuwa anakimbia. Mwana FA, yule wa bongo fleva, aliingia bungeni kwa Muheza mwaka 2020, baadaye akawa naibu waziri wa wizara inayosimamia wasanii. Hakungoja mashabiki wamchoke.

Sasa nifike kwa Mzee Muhidin Gurumo, maana hapa huwa nakasirika. Zaidi ya nusu karne ya kuimba kwenye bendi za dansi: NUTA Jazz, Mlimani Park, Msondo. Alipostaafu mwaka 2013 habari ya mjini ikawa kwamba hana hata gari, mpaka Diamond akampa moja. Mwaka uliofuata mzee akatutoka. Nikasikia vijana wakisema wazee wale waliuchezea ujana wao. Nyamazeni! Bendi nyingi zilikuwa mali ya mashirika na jumuiya. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, gitaa la shirika, wimbo unarekodiwa Radio Tanzania na mkanda unabaki kule. Miaka inapita wimbo unapigwa kila Jumapili na mwenyewe anausikia kama msikilizaji mwingine yeyote. Huwezi kumlaumu mtu kwa kutotunza alichokuwa hapewi.

Nyinyi hamna kisingizio hicho. Cosota, ofisi ya hakimiliki, ipo, kasajili kazi zako kwa jina lako, sio la meneja. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanaandikisha waliojiajiri, unachangia kidogo kidogo kwa uwezo wako. Mkataba usiosomeka mpelekee anayejua sheria kabla hujaweka saini, hata kama studio wanakuharakisha na gari liko nje linaunguruma. Na jifunze kazi ya mikono au ya kichwa sasa hivi, wakati simu yako bado inaita. Sasa hivi, narudia.

Usione haya. Haya ndiyo inayowamaliza wasanii kuliko sigara. Mtu yuko radhi akope nguo aonekane bado yumo, kuliko aonekane anauza sambusa.

Wala sisemi uache kuimba. Khadija Kopa kapita makundi ya taarab ya Culture na TOT, na mwaka 2020 kaimba na mwanawe Zuchu mbele ya kizazi ambacho hakijawahi kuingia ukumbi wa taarab. Sauti yake ipo. Hata mimi naitwa kwenye shughuli, na bei yangu naitaja kabla sijapanda gari. Nusu inalipwa kabla, nusu kabla sijashika kipaza sauti, na kapu la tunzo analishika binti yangu.