Fundi wa Vioo vya Gari Dodoma: Mchague kwa Gundi Yake

Mtu anayesafiri mara kwa mara kati ya Dodoma na Morogoro, hasa kipande cha Kibaigwa hadi Gairo chenye malori mengi, hachelewi kurushiwa kokoto kwenye kioo cha mbele. Yaliponikuta hayo, niligundua kwamba karibu kila mtu huanza kwa kuuliza bei ya kioo, ilhali swali hilo lingefaa kuja mwishoni kabisa.

Kwanza, huenda huhitaji kioo kipya. Kioo cha mbele kina matabaka mawili yaliyoshikanishwa na utando wa plastiki, kwa hiyo alama ndogo isiyozidi sarafu, ambayo haipo usawa wa macho ya dereva, huweza kuzibwa kwa gundi maalumu kabla vumbi halijapenya. Kwa vumbi letu, bandika selotepu palepale, wala usiwashe kiyoyozi cha baridi kali wakati kioo kimechomwa na jua, kwani ufa utatambaa. Vioo vya milangoni havizibiki, kwa sababu vikivunjika husambaratika vyote.

Ikibidi kubadilisha, nakusihi umtazame fundi akifanya kazi kwenye gari la mtu mwingine. Yule niliyemkabidhi gari langu aliikata gundi ya zamani kwa waya, akaacha tabaka jembamba lililo sawa, akapaka praima (rangi ya awali ya kukinga chuma) mahali rangi ilipochubuka ili kutu isianze, kisha akaminya gundi nyeusi katika mstari mmoja usiokatika kuzunguka fremu nzima. Katika gereji nyingine nilikuta wanatumia silikoni ya madirisha ya nyumba, nikaondoka. Silikoni hiyo haina nguvu ya kukishika kioo ajali inapotokea, na katika magari mengi mfuko wa hewa wa abiria hufumuka ukiegemea kioo hichohicho.

Gundi inayofaa ni ya poliurethani, na aina iliyozoeleka hukomaa kwa kunyonya unyevu wa hewani. Hapa ndipo Dodoma inapotofautiana na Dar es Salaam: kiangazi chetu kirefu kina hewa kavu mno, hivyo gundi ambayo Pwani ingekomaa mapema, huku huchelewa. Mwombe fundi akuonyeshe maelekezo yaliyo kwenye tyubu pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi, na umuulize gari likae muda gani kabla ya kuingia barabarani. Anayekujibu kwamba unaweza kuondoka sasa hivi, usimpe kazi hata kama bei yake ni nafuu.

Wenye bima kubwa waulize kama kioo kimo, wapige picha na kutoa taarifa kabla fundi hajagusa chochote. Dai risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi), na dhamana dhidi ya kuvuja iandikwe kwa miezi inayofika msimu wa mvua, kwa kuwa kioo kilichowekwa Julai hakiwezi kuonyesha kasoro hiyo hadi Desemba.